Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujakubali Kupasuliwa Taya

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa aya moja tu, kwamba meno yasiyokutana kwa sababu mataya yenyewe hayalingani hayawezi kurekebishwa kwa waya peke yake, na kwamba mwenye tatizo hilo huenda akahitaji kupasuliwa taya. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko sehemu nyingine yote ya safu ile. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, nikazifupisha na kuondoa majina. Wasomaji wakumbuke kuwa hakuna daktari awezaye kuamua juu ya taya ambalo hajalishika wala kuona picha zake; haya ni ya kumwandaa mtu aende akazungumze na daktari wake akiwa anajua la kuuliza.

Daktari, shikamoo. Nina miaka 22. Taya langu la chini limetangulia mbele, meno ya chini yanapita ya juu, na hata andazi siwezi kulikata kwa meno ya mbele. Daktari wa meno amesema nitafungwa waya kwa zaidi ya mwaka, ndipo nipasuliwe. Kwa nini nisipasuliwe kwanza nikamaliza? Na je, nitabaki na kovu usoni? Mwili wangu ni wa makovu yanayovimba. Nilitoboa masikio na mpaka leo nina uvimbe.
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, binti. Nianze na kovu, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Upasuaji huu kwa kawaida hufanywa kutokea ndani ya kinywa: daktari huchana ufizi na utando wa ndani ya shavu, akaufikia mfupa kwa njia hiyo, na mwisho hushona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Utando wa kinywa hauna tabia ya kutoa makovu ya aina uliyo nayo masikioni. Hata hivyo, mara nyingine skrubu za nyuma ya taya la chini huhitaji kupitishwa kwenye tundu la milimita chache katika ngozi ya shavu. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo, lakini kwako si dogo, kwa hiyo mwonyeshe daktari masikio yako mapema na umwulize kama anaweza kulikwepa tundu hilo.

Sasa kuhusu waya. Kwa miaka yote ambayo taya lako lilikuwa likikua kupita kiasi, meno yalijaribu kulificha kosa la mfupa: ya chini yalilala kuelekea ulimini na ya juu yakaegemea nje, ili angalau yakaribiane. Daktari akilisogeza taya wakati meno yangali yamelala hivyo, mfupa utafika mahali pake lakini meno yatagongana ovyo, na taya halitakuwa na mahali imara pa kutulia. Kazi ya waya ni kulirudisha kila jino lisimame wima juu ya mfupa wake. Matokeo yake, ambayo wengi hawaambiwi, ni kwamba katika miezi ya mwisho kabla ya upasuaji taya huonekana limetokeza zaidi kuliko siku ya kwanza. Huo ndio wakati ambapo jamaa nyumbani husema daktari ameharibu, na mgonjwa mwenyewe huanza kuwaza kutoa waya na kuacha. Ukijua tangu leo kwamba hali hiyo itakuja, na kwamba ni dalili ya kazi kwenda inavyotakiwa, utaivuka.

Hesabu ya kawaida ni miezi 12 hadi 18 ya waya kabla, kisha miezi 6 hadi 12 baada ya upasuaji. Vipo vituo vinavyoanza na upasuaji na kumalizia na waya, lakini hiyo ni kwa wagonjwa waliochaguliwa ambao meno yao hayakulala sana, na maelezo ya barua yako hayanionyeshi kama wewe ni mmoja wao. Kwa hiyo pangilia miaka miwili au zaidi, na ndani ya miaka hiyo chumba cha upasuaji utakiingia kwa saa chache tu. Ikiwa una mpango wa ndoa, wa kuzaa au wa kuhamia mkoa mwingine kikazi, mweleze daktari wa kupanga meno kabla hajaanza, kwa sababu mgonjwa anayekatiza katikati hubaki na meno mabaya kuliko aliyokuja nayo.

Siku yenyewe utalazwa usingizi kamili kwa nusukaputi. Mpira wa kupumulia hupitishwa puani, si mdomoni, kwa kuwa daktari atahitaji kufunga meno yako mara kadhaa ili ahakikishe yanakutana. Ndiyo maana utaamka ukiwa na koo linalowasha na pua iliyoziba. Taya la juu hukatwa kwa mstari unaopita juu ya mizizi ya meno, na mkato huo hadi leo unaitwa kwa jina la René Le Fort, Mfaransa ambaye mwaka 1901 alieleza mistari ambayo mifupa ya uso hufuata inapovunjika. La chini hupasuliwa kila upande, nyuma ya magego, kwa njia iliyoelezwa mwaka 1957 na Richard Trauner na Hugo Obwegeser: mfupa hutenganishwa kwa urefu kuwa tabaka mbili, nazo huteleza moja juu ya nyingine kama kiberiti na ganda lake, mpaka taya lifike linapotakiwa. Hapo hufungwa kwa vibati vya madini ya titani na skrubu. Taya moja huchukua takribani saa moja hadi mbili, na yote mawili huweza kuchukua saa tatu hadi tano. Kwako, kama taya la juu nalo limerudi nyuma, jambo ambalo ni la kawaida, usishangae ukiambiwa yatasogezwa yote mawili.

Uliza pia kuhusu magego ya mwisho. Madaktari wengi hupenda yale ya chini yang'olewe kama miezi sita kabla, ili mfupa uzibe mahali patakapopasuliwa.

Daktari, salaam. Mwanangu wa kiume ana miaka 16 na taya lake la chini linazidi kutokeza kila mwaka. Wenzake wanamtania hadi hataki kupigwa picha. Fedha nimezipata sasa, na baada ya mtihani wa kidato cha nne atakuwa na likizo ndefu. Kwa nini tusimalize jambo hili mapema?
*Mama, Tanga*

Mama, uniwie radhi, jibu langu ni hapana, angalau si likizo hii. Taya la chini huchelewa kumaliza kukua kuliko mifupa mingine ya uso. Wasichana wengi humaliza kati ya miaka 16 na 18, wavulana kati ya 18 na 21, na wale ambao taya lao linatokeza ndio hasa ambao ukuaji wake hukawia kukoma. Wewe mwenyewe umeandika kwamba linazidi kila mwaka. Likirudishwa nyuma leo, mwili hautajua kwamba umefanyiwa upasuaji. Utaendelea kulikuza, na akifika miaka 19 mtakuwa mnazungumzia upasuaji wa pili.

Ndevu wala sauti nzito si kipimo. Daktari wa kupanga meno humpiga eksirei ya kichwa kwa upande, akarudia baada ya miezi sita au mwaka, kisha huweka michoro ya picha hizo moja juu ya nyingine. Mistari ya taya ikiwa haijasogea, ukuaji umekwisha na safari inaweza kuanza. Kwa sasa mpeleke akapigwe picha ya kwanza, meno yaliyotoboka yazibwe, na fedha ziwekwe mahali ambapo ada ya shule haitazifikia. Kuhusu utani wa wenzake, zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha, kwa sababu miaka miwili au zaidi ya kungoja ni mirefu kwa kijana na hapaswi kuipitisha peke yake.

Wapo watoto ambao hawangojei: mwenye kukatika pumzi usingizini, au ambaye taya limekakamaa baada ya kuumia utotoni hata kinywa hakifunguki. Hao waonwe mara moja. Waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, ambao wengi wao taya la juu hubaki nyuma, kwa kawaida husubiri kama mwanao.

Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni mwalimu wa madrasa, Unguja, umri wangu ni miaka 41. Nina kidevu kidogo tangu kuzaliwa, nakoroma sana, na mke wangu husema pumzi yangu hukatika usiku kisha nashtuka. Nimepimwa usingizi nikaambiwa njia yangu ya hewa ni nyembamba, na kwamba kusogezwa mbele mataya yote mawili kutaifungua. Ila daktari amesema mdomo wa chini huenda ukabaki na ganzi. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha watoto kutamka herufi. Je, nitaweza?
*Maalim, Zanzibar*

Waalaykumu ssalaam, maalim. Daktari wako amekwambia jambo ambalo wengine hulificha ndani ya fomu ya ridhaa, na ningependa kila anayefikiria upasuaji huu asome jibu hili polepole.

Neva inayohusika, yaani mshipa wa fahamu, huingia ndani ya taya la chini upande wa nyuma, hupita katika mfereji wa mfupa chini ya mizizi ya magego, kisha hutokeza karibu na kidevu na kuipa hisia ngozi ya kidevu, mdomo wa chini na ufizi wa mbele. Mahali daktari anapopasua mfupa ni pale pale neva hiyo inapopita. Hata mkono ukiwa hodari kiasi gani, neva huvutwa, hubanwa na uvimbe, na mara nyingine hukutwa imenata kwenye kipande cha mfupa na kulazimika kubanduliwa taratibu. Kukatika kabisa ni nadra. Lakini kwa kuvutwa na kubanwa huko, karibu kila mtu huamka na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, na swali linalobaki ni itaondoka kwa kiasi gani. Kwa wengi hisia huanza kurudi baada ya wiki au miezi kadhaa, kwa mwasho na kutambaliwa kama na sisimizi, jambo linaloudhi lakini ni habari njema. Huendelea kurudi hadi mwaka na zaidi. Wapo wanaobaki na kipande ambacho hakirudi kamwe, ama hurudi kikiwa na hisia tofauti na ya zamani. Hatari hiyo huongezeka kwa umri, na aliyevuka miaka 40 kama wewe anapaswa kuihesabu kuwa kubwa kuliko ya kijana wa miaka 20. Huongezeka pia ikiwa kidevu chenyewe kitakatwa na kusogezwa katika upasuaji huo huo. Kama umependekezewa, uliza kinaongeza nini kwenye pumzi yako.

Sasa herufi. Neva hii ni ya hisia, si ya mwendo. Misuli inayofunga midomo kwa ajili ya ba na mim, inayoiviringa kwa waw, na inayoupeleka mdomo wa chini kwenye meno ya juu kwa fa, huongozwa na neva nyingine ipitayo mbali zaidi, na kuumia kwake katika upasuaji huu ni nadra sana. Mdomo wako utatii. Utakachokosa ni kuuhisi ukitii, na mtu aliyezoea kusahihisha matamko yake kwa kuhisi ataona ugeni. Wiki za mwanzo, kwa sababu ya uvimbe na raba zinazoshika meno, utatamka kama mtu mwenye tonge mdomoni, kwa hiyo mpange mwenzio akushikie darasa kwa mwezi mmoja, kisha rudi na masomo mafupi.

Nyumbani ganzi hujionyesha katika mambo madogo. Chai huteremka kidevuni nawe hujui, punje ya wali hubaki mdomoni mbele ya wageni, na wembe hukata ngozi bila kukuonya. Waliopitia hali hii huniambia walikubaliana na mke au mtoto ishara ya kugusa kidevu mezani, basi yakaisha. La hatari zaidi ni moto: onja kwanza kwa kijiko upande wa ulimi, au gusa kikombe kwa mkono, kabla uji haujafika mdomo ambao hautakupa taarifa. Mwombe daktari pia aupime mdomo wako kwa pamba na ncha ya sindano kabla ya upasuaji na aandike alichokipata, ili baadaye pawe na kitu cha kulinganisha.

Mwisho jiulize swali ambalo humuuliza kila mgonjwa wangu: kipande hiki cha mdomo kikibaki na ganzi maisha yangu yote, bado ningekubali? Asiyeweza kutafuna, au ambaye pumzi yake hukatika usiku, mara nyingi hujibu ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Anayetaka uso upendeze pichani husita, na mimi humheshimu mno mgonjwa anaposita. Kwako wewe kuna la kuongeza: kama hujajaribu mashine ya kusukuma hewa wakati wa kulala, au kama uzito umezidi, hayo hutangulia. Ukiwa umeyajaribu na yameshindikana, kusogeza mataya mbele, mara nyingi kwa karibu milimita 10, ni miongoni mwa tiba za upasuaji zenye matokeo mazuri kwa tatizo lako.

Daktari, mimi ni wa Mombasa. Nimepangiwa tarehe, nayo ni wiki mbili kabla ya Ramadhani. Nasikia mdomo hufungwa kwa waya wiki sita. Nitakula nini, na nitafunga vipi?
*Msomaji, Mombasa*

Dada, kufungwa mdomo wiki sita kulikuwa kwa kawaida kabla vibati na skrubu havijaenea. Siku hizi wengi hutoka na raba ndogo zinazounganisha meno ya juu na ya chini, ambazo huongoza taya lakini huruhusu kinywa kufunguka kidogo, na baadaye hufundishwa kuzivua wakati wa kula na kupiga mswaki. Ukiambiwa wewe utafungwa waya kweli, usiondoke hospitali bila mkasi wa kuikata waya hiyo na bila mtu wa nyumbani aliyeonyeshwa wapi pa kukata ukitapika au kukosa hewa.

Wiki moja hadi mbili za mwanzo ni za vinywaji: maziwa, supu iliyochujwa, uji wa ulezi mwepesi uliotiwa maziwa na siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa, juisi ya parachichi. Mrija haupendekezwi siku za mwanzo kwa sababu ya kufyonza. Kikombe, au bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, linafaa zaidi. Kisha huja vya kupondwa, kama mtori, viazi vilivyosagwa kwa maziwa, maharage yaliyopitishwa kwenye blenda, mayai laini na samaki asiye na mwiba. Hadi wiki ya sita hakuna cha kutafunwa kwa nguvu, na mahindi ya kuchoma, miwa, mishikaki na karanga nzima vingoje mpaka daktari aviruhusu. Utapungua kilo kadhaa. Njia ya kujizuia usipungue sana ni kula kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, na hapo ndipo tarehe yako inapogongana na funga.

Tumbo dogo, kinywa chenye vidonda, dawa za kila baada ya saa nane, na mwili unaohitaji maji na protini ili mfupa uunge: kwa upande wa tiba, mwezi wa kwanza si wa kufunga. Hukumu ya mgonjwa na siku za kulipa utamwuliza sheikh wako. Mimi ningeomba tarehe isogezwe baada ya Idi, maana huu si upasuaji wa dharura, na mwezi mmoja na nusu hautabadilisha lolote katika meno yaliyokwisha kupangwa.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha sehemu kubwa hupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Mabaki yake madogo huchukua miezi. Lala kichwa kikiwa juu. Kama taya la juu limeguswa, damu kidogo hutiririka puani siku za kwanza, na hutakiwi kupenga kamasi kwa wiki mbili hivi; chafya itoke kwa kinywa wazi. Nunua mswaki wa mtoto kabla hujalazwa, kwani wa mtu mzima hautapita. Kazi ya ofisini wengi hurudia baada ya wiki mbili hadi nne, na michezo ya kugongana baada ya miezi mitatu. Kati ya siku ya tatu na mwisho wa wiki ya pili wagonjwa wengi hulia bila kujua sababu, huangalia kioo na kujuta. Waambie watu wa nyumbani mapema, na uwaombe wageni wasubiri.

Shikamoo daktari. Nina miaka 19, ni mwanafunzi, Dodoma. Midomo yangu na meno ya juu na ya chini vyote vimetokeza mbele. Nakula vizuri na meno yanakutana. Nimeona video za wasichana waliopasuliwa mataya nje ya nchi wakawa wazuri sana. Kuna wakala ananiambia India ni wiki mbili tu narudi. Unanishauri nini?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Ulichoeleza ni sura ya kawaida ya watu wengi wa bara letu, si ugonjwa. Vipimo vya kwanza vya pembe za uso ambavyo madaktari wa meno walijifunza katika vitabu vilichukuliwa kwa watu weupe, na kwa kipimo hicho nusu ya darasa lako ingeonekana ina kasoro. Mtaalamu makini hulinganisha uso wako na nyuso za watu wako.

Ikiwa midomo haifungiki bila kukaza kidevu, au unaumia moyoni kweli kweli, waya pamoja na kung'oa magego manne madogo huweza kurudisha meno nyuma kwa kiasi kinachoonekana, bila kukata mfupa. Upasuaji kwa hali yako hubaki kwa wachache sana. Na wakala wa wiki mbili hakukwambia kuhusu waya. India wana mabingwa hodari, sina neno nao. Ila baada ya wiki hizo mbili nani atakubadilishia raba, nani atafuatilia meno kwa mwaka mzima, na usaha ukitokea mwezi wa tatu utamwendea nani mwenye picha zako? Mwulize maswali hayo matatu kwa maandishi.

Daktari, mimi ni mgonjwa wa siko seli, Mwanza. Je, nimefungiwa mlango wa upasuaji huu?
*Msomaji, Mwanza*

Hujafungiwa, lakini hutaingia kwa mlango wa kawaida. Baridi, upungufu wa maji na wa oksijeni huweza kuamsha maumivu makali na hata kuziba mishipa ya kifua, kwa hiyo daktari wako wa damu na daktari wa usingizi wakutane kabla tarehe haijapangwa, waamue kama utahitaji kuongezewa damu kwanza. Msomaji mwingine yeyote naye amweleze daktari wa usingizi kila anachotumia: vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, mitishamba, shisha na sigara. Moshi huchelewesha jeraha na mfupa kuunga, nao uachwe wiki kadhaa kabla na baada. Ndugu waandaliwe kuchangia damu.

Gharama ni kiasi gani, na wapi hufanyika?
*Baba, Arusha*

Bei siandiki, kwa kuwa hutegemea ni taya moja au mawili, idadi ya vibati na siku za kulazwa. Mabingwa wa upasuaji wa kinywa na mataya wapo Muhimbili, ambapo Chuo Kikuu cha MUHAS huwafundisha. Kwa majirani wapo Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, na Mulago kule Kampala. Omba bei ya safari nzima, si ya chumba cha upasuaji tu: waya, picha, vibati, kulazwa, kliniki za baadaye, na kutoa kibati kikileta shida. Bima iombwe kibali kwa maandishi mapema, pamoja na barua ya daktari inayoeleza shida ya kutafuna, kupumua au kusema, maana kinachoonekana kuwa ni urembo hukataliwa. Kisha mwulize daktari hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka, na ni daktari gani wa kupanga meno anayeshirikiana naye. Akichukia swali hilo, umepata jibu.

Taya la mama yangu limepinda upande mmoja, limevimba polepole kwa miaka miwili bila maumivu, na meno yameanza kulegea. Je, naye anafaa kunyooshwa?
*Msomaji, Songea*

Hapana, na usingoje toleo lijalo. Taya linalovimba kwa mtu mzima na kulegeza meno lahitaji eksirei na kipande cha nyama kupimwa maabara wiki hii, kwani huenda ni uvimbe wa mfupa ambao tiba yake ni nyingine kabisa.

Daktari, nilipasuliwa taya la chini miezi minane iliyopita. Nafanya biashara Kariakoo na husafiri Dubai mara kwa mara. Je, vibati vitalia uwanja wa ndege, na vitatolewa lini? Pia siku hizi upande wa kulia nahisi ladha mbaya mdomoni, na ufizi umevimba kidogo nyuma.
*Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Ndugu, vibati vya titani ni vidogo na kwa kawaida havilizi mashine, wala havihitaji kutolewa visipokuwa na shida. Wengi huishi navyo maisha yote. Titani haivutwi na sumaku, kwa hiyo hata kipimo cha MRI, ambacho hupiga picha kwa sumaku, unaweza kufanyiwa, ila uwaambie wapimaji, kwa kuwa picha ya karibu na taya huweza kuchafuka.

Hayo ya ladha mbaya na uvimbe ndiyo yaliyostahili kuanza barua yako. Yaelekea kibati au skrubu ya upande huo imepata maambukizi au imelegea, jambo ambalo huwapata wachache na hutibika: utasafishwa, utapewa dawa, na kwa kuwa baada ya miezi minane kwa kawaida mfupa umekwisha kuunga, kibati huweza kutolewa kwa upasuaji mdogo bila taya kurudi lilikotoka. Antibayotiki za kununua dukani zitanyamazisha usaha kwa wiki moja na kumchelewesha daktari kuuona. Nenda kwa aliyekupasua ukiwa na eksirei zako za zamani, na safari ya Dubai iahirishe mpaka akuone.